Mistari Niliyoinyoosha

Anayetaka kujua kwa nini napenda mstari mnyoofu aje Panda, hapa Likasi, Kongo, kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi tulikozaliwa. Nyumba zetu zimepangwa kwa kamba, moja baada ya nyingine, na zinafanana kiasi kwamba mlevi hujikuta anakula mezani kwa jirani na hakuna anayeshangaa. Nilikua nikiamini kwamba Mungu naye aliumba dunia hivyo, na kwamba milima ililetwa baadaye na mtu mzembe.

Baba na mama walipotutoka, mmoja akimfuata mwingine, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha sekondari katikati. Kulea watoto sikujua. Nilichojua ni kupanga. Niliwapanga wadogo zangu kwa urefu tulipokwenda misa. Nilipanga viatu vyao ukutani na vikombe rafuni, mishikio yote ikiangalia dirishani. Majirani walisema nyumba ya yatima wale imenyooka kuliko kambi ya askari. Nilidhani wananisifu.

Tabia hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Mjini kuna vibanda vya kuchapa maandishi ya watu: mtu analeta karatasi aliyoandika kwa mkono, wewe unaichapa kwenye kompyuta, unaipamba, unamtolea. Barua za kuomba kazi kwenye mgodi wa Kakanda, mialiko ya harusi, matangazo ya misiba. Sikuwa mwepesi kuliko wenzangu, lakini kurasa zangu zilijaa kutoka ukingo hadi ukingo kama ukuta wa matofali. Wateja walianza kuambiana, "Mumupelekee ule wa kunyoosha." Nikaanza kutembea kifua mbele, kana kwamba ni mimi niliyevumbua ukingo.

Ndipo mdogo wangu wa kike akaniletea kazi yake ya kumaliza masomo. Namwita mama, kwa sababu amebeba jina la mama yetu. Alikuwa anasoma mambo ya kompyuta kwenye taasisi moja hapa Likasi, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Kazi yenyewe ilikuwa mwongozo kwa waandishi wa programu: namna ya kuuomba mfumo endeshi, ile programu inayotawala mashine nzima, ufungue faili, ugawe kumbukumbu, uanzishe kazi nyingine, ambayo wao huiita mtoto wa ile ya kwanza. Kila sura ilikuwa na maelezo, kisha mfano. Siku ya kuitetea kazi hiyo, walimu wa jopo wangechagua mfano mmoja, naye angeuchapa mbele yao kama ulivyo kwenye kitabu. Mfano ukikataa, angerudia mwaka. Na ada ya mwaka mwingine, sote nyumbani tulijua, haikuwepo.

"Yaya," aliniambia, na hapa ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "panga vichwa vya sura, tia namba za ukurasa, basi. Kesho asubuhi minye nakuja, tunapeleka mbele bureau haiyafunga." Bureau ndiyo ofisi ya taasisi, na kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea kazi.

Neno "basi" lilinipita kama upepo.

Nilipanga vichwa, nikatia namba. Kisha nikafika kwenye mifano, na moyo ukaniuma. Mstari mmoja ulianzia ukingoni, wa pili ulikuwa umesogea ndani, wa tatu ndani zaidi, wa nne umerudi nyuma. Ilikuwa kama viatu vya wadogo zangu siku ya mvua. Nikamhurumia, nikajiambia mtoto amechoka, amechapa kwa haraka. Nikafuta zile nafasi tupu mstari baada ya mstari, sura baada ya sura, mpaka yote ikasimama ukingoni kama wanafunzi mbele ya bendera. Nikahifadhi juu ya faili lake lile lile. Nikatoa nakala zote, nikazitia majalada, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi alifungua nakala moja palepale kaunta. Mimi niliegemea ukuta nikingoja sifa zangu.

"Yaya, nani alifuta nafasi?"

"Nafasi gani?"

"Hizi za mbele ya mistari."

"Ah, ile! Ilikuwa fujo, mama. Minye njo niliinyoosha."

Alikaa chini taratibu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyeona nyumba yake inaungua na jirani analeta petroli ili asaidie.

"Yaya, ile haikuwa fujo. Ile njo programme yenyewe!"

Alichukua kalamu, akanichorea nyuma ya mwaliko wa harusi ulioharibika. Katika lugha ile ya programu, mstari uliosogezwa ndani unaishi ndani ya mstari ulio juu yake. Ule wa juu ni mlango; waliosogea ni watu wa nyumba. Ukiwaleta wote ukingoni, mashine haijui tena nani mtoto wa nani, nayo inagoma.

"Umetoa watoto yote mu nyumba," alisema, "umewapanga ku barabara."

"Kwa urefu?"

"Usinichekeshe, yaya. Nitalia."

Nakala yake nyingine ilikuwa kwenye mashine za taasisi, na chumba cha mashine hizo kilikuwa kimefungwa siku ile. Umeme nao ulikuwa umekwenda zake. Nilimwomba tajiri wa kibanda awashe jenereta, akaiwasha huku akituangalia kama watu waliokuja kufulia nguo kwenye maji yake ya kunywa. Nikakaa kwenye kompyuta, mdogo wangu akavuta kiti pembeni yangu.

"Ndani," alisema. "Ndani tena. Sasa rudi. Yaya, rudi! Weye unaenda wapi?"

Vidole vyangu vilikuwa vinaukimbilia ukingo vyenyewe, kama mbuzi wanaorudi zizini. Kila mstari nilioupinda uliniuma. Polepole nikaanza kuuliza kabla hajasema: "Huyu anaishi kwa nani?" Naye alijibu, "Kwa ule wa yulu," akionyesha mstari wa juu, au, "Ule hana mutu, uache inje." Katika sura ya kuanzisha kazi nyingine niliingiza familia nzima nyumbani kwa jirani, kama mlevi wa Panda, na tulibishana juu yake mpaka jenereta ikakohoa na kuzimika. Tulipoiwasha tena, tuliendelea na sura iliyofuata mpaka mwisho, tukatoa nakala mpya.

Ofisini tulimkuta karani bado anakula. Alitugongea muhuri uliokwenda upande, wenye alama ya mafuta. Niliupokea kwa mikono miwili.

Siku ya kutetea nilivaa koti la baba, nikakaa nyuma kabisa, maana ndugu hawaruhusiwi kusema neno. Mwalimu mmoja alifungua kitabu katikati, akataja ukurasa. Ulikuwa ule wa familia iliyoingia kwa jirani. Je, tuliwatoa? Nilikumbuka ubishi, nilikumbuka jenereta ikikohoa, kuwatoa sikukumbuka. Mdogo wangu alichapa akifuata kitabu, jicho moja kwenye karatasi. Akabonyeza. Mashine ikanyamaza, ikanyamaza, kisha maneno yakatokea ukutani, palipomulikwa skrini yake: *Mama anamngoja mtoto amalize.* Chini yake: *Mtoto amemaliza.*

Nilipumua kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Mwalimu wa uhasibu, aliyealikwa kujaza jopo, ndiye aliyezungumza wa mwisho. "Kazi ni nzuri," alisema. "Lakini mise en page, mupango wa kurasa! Mistari imekaa kama meno ya mutoto. Nani alikuchapia?"

"Yaya yangu, mwalimu. Ule pale."

Ukumbi mzima ukanitazama. Nikasimama, mimi, ule wa kunyoosha. Ulimi uliniwasha kumfundisha habari za milango na watu wa nyumba. Walimu wengine walikuwa wameinamisha nyuso kwenye karatasi zao, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Pardon, mwalimu," nikasema, nikakaa.

Walimpitisha. Nje, kama desturi ya huku kwa aliyefaulu, wadogo zetu walimmwagia poda mpaka akawa mweupe kutoka nyusi hadi viatu. Alinijia na mikono yake ya poda, akanitazama kifuani, akaanza kucheka tena.

"Yaya, koti!"

Nikatazama. Asubuhi nilikuwa nimekosea vifungo, upande mmoja ulining'inia chini ya mwingine, na hivyo ndivyo nilivyosimama mbele ya jopo.

"Ngoja nikunyooshee," akasema, akakishika kifungo cha kwanza.

"Iache, mama," nikamwambia. "Hatuyajua nani anaishi kwa nani."