App niliyoiondoa kwenye seva iliendelea kumtumia Senje SMS za miwa

Wakuu, hamjambo humu? Haya yamenipata mwenyewe hapa Kakamega, siongezi chumvi, na mpaka sasa kichwa kinanizunguka.

Mimi ndiye fundi wa app ya kikundi cha wakulima wa miwa. Inamtumia mkulima SMS ya siku ambayo wakataji watafika shambani kwake.

Senje, dadake baba, analima Bukura. Miwa yake ilikuwa imepitisha wakati. Ikikaukia shambani, ameisha.

Mvua ikaharibu barabara, nikabadilisha jinsi app inavyopanga siku. Nikaweka version mpya bila kuzima seva, ile ya zamani nikaiondoa. Niliona kwa macho yangu ikitoka!

Senje akapiga simu. "Wewe mtoto, unaniambianga Jumatatu, saa hiyo hiyo unaniambia Alhamisi. Obusuma ya wakataji nipike siku gani?" Obusuma ni ugali wetu.

Nikamwambia ni network. Si ndiyo jibu letu sote tukikwama?

Natafuta code ya zamani iliyopanga Jumatatu, haipo. Nimeifuta. Sasa nani anatuma? Nilianza kuwaza nimerogwa, kweli tena.

Halafu kila nikiweka version mpya, memory inapanda hadi seva inaganda. Nikirestart seva, ile SMS ya pili inakoma. Nikideploy tena, inarudi. Ala!

Kumbe app ya zamani ilianzisha thread, yaani kazi inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia, ya kutuma SMS, na sikuwahi kuiambia isimame. Ikabaki hai, imeshikilia classloader yake, ile inayopakia code ya app kwenye memory, na classloader imeshikilia kila kitu cha app ile. Ni kama matanga: mgeni mmoja akigoma kuinuka, hema haling'olewi.

Dawa: app inapoondolewa, yenyewe izime kila thread iliyoanzisha na ifunge connection zake za database. Nimeandika hivyo. Memory imetulia, SMS ni moja tu.

Ratiba ikapangwa upya, SMS moja ikamfikia Senje: Jumanne.

Wakataji wakafika Jumanne kweli. Wakakuta mlango umefungwa, mwenyewe yuko sokoni Lubao, hakuna wa kuwaonyesha mpaka wa shamba. Wakahamia kwa jirani.

"Nilidhani ni ile SMS ya zamani ya uongo inaongea," akaniambia. Niliumia sana.

Nilichojifunza: kuondoa app si kuizima.

Thread nimeizima. Lakini mtu aliyeacha kuamini SMS zako, wakuu, unamrudishaje? Mwenye jibu aliweke hapa chini, miwa ya Senje bado imesimama.