Nilipoteza vidole vitatu, nikarudi kwenye kinanda, ila kuna mtu mmoja nilimchelewea

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hili ninalowasimulia limenitokea mimi mwenyewe, si la jirani wala la kuambiwa. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Mods, kama nimekosea jukwaa uhamisheni uzi huu tu, ila msiufute. Umenichukua muda kuuandika.

Mimi ni Msambaa, nimezaliwa na kukulia Korogwe.

Baba yangu alishuka kutoka milimani akiwa kijana kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akapata, akaoa, akabaki. Mchana alikuwa mkongeni, jioni kanisani. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya na ndiye mpiga kinanda wa usharika wetu.

Kinanda chenyewe kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Ukiacha kukanyaga na sauti inakata.

Alinifundisha nikiwa mdogo. Alikuwa anaweka vidole vyake juu ya vyangu, tunabonyeza pamoja, mpaka siku moja nikagundua ameshaondoa vya kwake na muziki unaendelea.

Nilipofika kidato cha pili, Jumapili moja alinyanyuka kwenye benchi la kinanda mbele ya kwaya nzima akasema, "Kuanzia leo mtakuwa na huyu. Mimi naenda kuimba besi."

Hakukaa tena pale. Alikuwa anasimama nyuma na wenzake wa besi, na mimi nikipiga nilikuwa naisikia sauti yake peke yake hata kama wanaimba ishirini.

Nilipomaliza shule na mimi nikaingia mkongeni. Nilikuwa korona, yaani kwenye ile mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa singa. Kazi ngumu ila nilikuwa naipenda, na kila Jumapili nilikuwa na kinanda changu. Nikaoa. Mke wangu, tumwite Eliwaza, nilimpata hapo hapo kwenye kwaya, sauti ya pili. Tukajaliwa mtoto mmoja, Tumaini.

Sasa ajali. Sitaieleza sana.

Ilikuwa asubuhi, majani yakakwama, mkono ukaenda pasipotakiwa. Mkono wa kulia. Vidole vitatu vikaondoka, nikabaki na gumba na cha shahada.

Baba alikuja hospitali na chupa ya uji. Aliuangalia mkono ulivyofungwa, akakaa kwenye kitanda. Halafu akasema, "Pole mwanangu. Una njaa?"

Nikasema ndiyo. Akaninywesha uji. Habari ya kinanda hakuitaja siku hiyo, na hakuitaja kwa miaka mingi baadaye.

Wengine waliitaja sana. Kuna waliokuja kunipa shuhuda za watu wasio na mikono kabisa wanaopiga gitaa kwa miguu. Wakuu, mtu akiwa kwenye maumivu naomba msimpe mifano. Kaeni naye tu.

Nilijaribu kurudi kanisani nikiwa mwimbaji wa kawaida. Sikuweza. Nikisikia kinanda kikianza, vile vidole ambavyo havipo vilikuwa vinawasha.

Nikaacha kwenda.

Kuomba sikuacha, ila nilikuwa naomba kwa hasira. Nilimuuliza Mungu kwa nini asingechukua mkono wa mtu ambaye hapigi chochote. Najua si sala nzuri. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Korona sikurudi. Wazazi wa Eliwaza walikuwa na shamba Mkata, wakatuambia njooni mlime. Tukahamisha vyombo, tukapita Segera na godoro juu ya basi, tukaanza maisha upya.

Sasa kuanza upya kwa watu wengine huwa kunakuja na baraka papo hapo. Kwetu haikuwa hivyo.

Msimu wa kwanza mahindi yalikuwa yanapendeza mpaka yakatoa mbelewele, mvua ikakata. Yakakauka yakiwa yamesimama. Msimu wa pili mvua ilinyesha vizuri, wakaja nguruwe pori. Tulichovuna hakikujaza hata kiroba cha maana.

Nilikaa kwenye ukingo wa shamba nikamwambia Eliwaza, "Mungu hatutaki."

Akasema, "Baba Tumaini, usimsemee Mungu. Sema umechoka."

Nikasema nimechoka. Akasema, "Na mimi." Tukarudi nyumbani.

Jirani yetu, Mzee Mhina, Mzigua na Mwislamu safi, ndiye aliyetutoa. Alikuja na mzigo wa miti ya muhogo begani akasema huu udongo wetu na mahindi wanagombana, pandeni huu. Akakaa siku nzima kutuonyesha namna ya kuikata na kuilaza. Muhogo ukakubali. Siyo utajiri, ila tulianza kula bila mawazo, na mwingine tukawa tunapeleka soko la Handeni.

Nikaanza kumsindikiza mke wangu kanisani. Kanisa dogo, bati na tofali za kuchoma, waimbaji wachache na ngoma moja. Nilikuwa naona afadhali, hakuna kinanda.

Kumbe Mungu ana mambo yake. Msharika mmoja aliyehamia Dar akawaletea kinanda cha umeme.

Mwinjilisti wetu, Samweli, akasimama mbele na furaha yote akauliza nani anajua kupiga. Mimi mkono nikautia mfukoni.

Eliwaza alikuwa pembeni yangu na hakufungua mdomo. Tulipofika nyumbani ndiyo akasema, "Sikukusemea. Ila nimekuona ulivyokuwa unakiangalia."

Kile kinanda kikafunikwa kitenge, kikakaa hivyo miezi.

Siku moja mchana mwinjilisti aliniomba nimsaidie kurekebisha mabenchi. Tukamaliza, yeye akaenda kufuata misumari kwa ajili ya mlango, mimi nikabaki peke yangu mle ndani.

Nikafunua kitenge.

Mkono wa kushoto ukakaa kwenye chord wenyewe kama vile ulikuwa umeacha jana. Wa kulia nikaujaribisha na vile vidole viwili. Ikatoka kama mtoto anayejifunza kutembea, noti mbili, pengo, noti moja, pengo.

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima. Mwinjilisti alirudi, akasimama mlangoni na misumari yake, akageuka akaenda kukaa nje mpaka nilipomaliza.

Kesho yake nikaenda tena. Ikawa ndiyo ratiba, nikitoka shamba napitia kanisani. Nilikuwa nahamishia kazi mkono wa kushoto, gumba linabeba sauti ya kwanza, kidole kingine kinaruka kama panzi.

Jumapili yangu ya kwanza niliharibu. Ubeti wa pili mkono ulikakamaa, nikaacha kabisa. Halafu Eliwaza akaendelea na sauti ya pili peke yake, ngoma ikamfuata, wenzake wakaingia. Wakamaliza bila mimi.

Baada ya ibada nilikuwa naondoka kimyakimya. Mwinjilisti akaniwahi. Nilijua ataanza kunihubiria. Akasema tu, "Jumapili ijayo tunaanzia pale pale ulipoishia."

Tukaanzia hapo. Nikakosea mahali pengine. Tukaendelea. Baada ya kama mwaka hivi, mgeni akija hawezi kujua kama mpigaji ana vidole saba, mpaka aniangalie mkono.

Katikati ya hayo baba akapata kiharusi. Mguu ukawa mzito, ulimi ukawa mzito. Dada yangu Anna ndiye alikuwa anamtunza kule Korogwe.

Nilikuwa naenda kumuona, ila habari ya kinanda sikumwambia. Nilitaka nimuonyeshe, siyo nimwambie. Nilikuwa nimeshajenga picha kichwani, ameketi mbele, mimi naanza, yeye anageuza shingo.

Lakini wanawake wanaongea. Eliwaza akamwambia Anna, Anna akamwambia mzee.

Jioni moja simu ikaita. Baba. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja.

"Nasikia... unapiga."

"Shikamoo baba. Napiga kidogo."

"Marahaba. Njoo nacho."

Nikampelekea habari mwinjilisti. Yeye na kwaya wakafurahi sana. Ikapangwa kwaya yetu nzima iende kuimba kwenye usharika wa nyumbani Korogwe, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Usharika wakakubali, Coaster ikapatikana, kina mama wakashona sare.

Wimbo mkuu ulikuwa mmoja alioutunga baba mwenyewe zamani, habari ya mkulima anayepanda huku analia. Una mpito kwenye kiitikio, noti zinashuka haraka kama maji ya mlimani. Ule mpito unataka vidole vinne. Mimi nilikuwa nautengeneza na viwili. Siku nyingine unakubali, siku nyingine unakatika.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Siku chache kabla ya safari nikamwendea mwinjilisti nikamwambia tusogeze mbele kidogo. Akashangaa. "Kwaya iko tayari."

Nikamwambia, "Mimi siko tayari. Pale kwenye kiitikio bado hapajakaa sawa. Siwezi kwenda kupiga vile mbele ya mzee."

Alinitazama, akaona nimeng'ang'ania. Ikasogezwa Jumapili mbili mbele. Nikampigia baba.

"Baba, tumesogeza kidogo. Ule mpito kwenye kiitikio haujakaa."

Nilidhani simu imekata.

"Haya," akasema. Halafu akavuta pumzi. "Hata mimi... nilikuwa naukosea."

Nikacheka. Nilijua ananifariji. Nikamwambia nitakuja nao safi, utasikia.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikumpigia hata kwenye simu nikaweka loud. Mkuu, hilo swali nimeshajiuliza mpaka limechakaa. Nilitaka auone mkono ukifanya kazi. Nilitaka kitu kizuri. Basi.

Baba alifariki Jumatano, kabla ya Jumapili ile mpya. Alipata kiharusi kingine akiwa amekaa anakunywa chai. Anna anasema hakuteseka.

Kwaya ya Mkata ilikwenda Korogwe na ile ile Coaster, ila kuzika. Mzee Mhina naye akapanda, amevaa kofia yake, akasema, "Huyu ni baba wa mwanangu, siwezi kubaki."

Nilipiga ule wimbo. Tulipofika kwenye mpito, nikakosea.

Hakuna aliyegeuka. Waimbaji walipita juu ya lile kosa kama halipo. Lile jambo nililosogezea safari nzima lilikuwa fupi kuliko kuvuta pumzi.

Sasa nimalizie na hili, ambalo Anna aliniambia baada ya matanga, tukiwa tunakunja turubai.

Ile Jumapili ya kwanza, ile niliyoiahirisha mimi, mzee aliamka akataka avalishwe koti. Anna akamkumbusha kwamba hawaji leo. Akasema anajua. Akataka apelekwe kanisani hivyo hivyo. Alikuwa hajakanyaga kanisani tangu augue.

Akapelekwa kwa bajaji. Baada ya ibada akagoma kuondoka, akasimama mlangoni ameegemea ukuta, na kila aliyetoka alimshika mkono akamwambia kwa ule ulimi wake mzito, "Mwanangu anapiga tena."

Mmoja mmoja. Mpaka kanisa likaisha.

Wakuu, hakuwahi kunisikia nikipiga na vidole viwili. Alikuwa ameridhika na habari peke yake, mimi ndiye nilikuwa sijaridhika.

Nilichojifunza nitakisema kwa lugha yangu maana mimi si mchungaji.

Nilipoanguka Mungu aliniinua, hilo nalishuhudia mbele ya mtu yeyote. Ajali, ukame, nguruwe, aibu ya ile Jumapili ya kwanza, kote huko alinipitisha, tena mara nyingi kwa mikono ya watu. Kosa langu ni kwamba nilidhani kuvumilia maana yake ni kukaza mpaka mtu asione kama uliwahi kuumia. Kumbe pale katikati uvumilivu wangu ulishageuka kiburi na mimi nikaendelea kuuita imani. Mungu alinipokea na vidole viwili na makosa juu. Baba naye angenipokea vivyo hivyo.

Kama umeanguka halafu umeanza kuinuka, na kuna mtu anasubiri kukuona, nenda. Nenda na kigugumizi chako, na biashara yako ambayo haijasimama, na nusu ya ndoa yako. Usisubiri ukamilike.

Mimi bado napiga kila Jumapili. Namshukuru Mungu, na naumia, na vyote viwili vinakaa kwenye benchi moja na mimi. Nimeacha kuomba kimoja kiondoke.

Walio na wazazi hai nawaonea wivu mzuri. Waliowahi kuchelewa kama mimi, naomba mniambie mnaishije nalo. Nitasoma kila comment, hata kama kujibu kwangu kutakuwa kwa taratibu.