Jiwe la Waridi Kutoka Tinde

Kosa litakalofichuliwa hapa ni majivuno ya mtu aliyesoma, na mwenye kosa ni mimi.

Nilipoomba kujiunga na kikundi cha wapenda mawe na madini mjini Shinyanga, nilielezwa sharti moja: mwombaji huleta jiwe aliloliokota mwenyewe na kulitaja jina mbele ya wanachama. Akikosea, husubiri mwaka mzima. Nami sikuwa na subira hiyo. Jumamosi iliyofuata wanachama peke yao wangekwenda Geita kushuka katika shimo la wachimbaji, na kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha habari za mwamba wa dhahabu bila kuuona ukiwa bado ardhini.

Jiwe langu nililiokota kando ya barabara pale Tinde: zito, la rangi ya waridi, lenye mabonde laini. Nilipekua vitabu siku tatu nikaridhika.

Sasa, watu wa migodi ya kwetu hawalisemi jiwe likiwa kavu. Hulilamba kwanza, umajimaji uonyeshe chembe zake. Nilipotakiwa kufanya vivyo hivyo ukumbini, mbele ya wanachama, nilitoa hotuba juu ya usafi na staha ya mtu mzima.

“Macho yaliyosoma yanatosha,” nilihitimisha. “Hii ni akiki, kito kilichochongwa na mto wa kale.”

Mwanachama mmoja, mama mfugaji ambaye wote walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alilipokea akalilamba taratibu. Akafumba macho. Akalilamba tena.

“Mwalimu, huo mto wako una pembe?”

“Sijakuelewa, mama.”

“Hili ni jiwe la chumvi la ng’ombe. Mabonde haya ni kazi ya ndimi zao. Na mwenye ng’ombe, nadhani, bado anamsaka mwizi.”

Ukumbi uliangua kicheko. Katibu alifungua daftari ili aandike hukumu yangu.

“Umeshaandika?” Mayu alimuuliza.

“Bado, Mayu, nimalize kucheka.”

“Basi usiandike. Chumvi ya mwamba nayo ni madini, na sharti linasema alitaje jina. Halisemi mara ya kwanza. Mwacheni ataje upya. Ila alambe.”

Niliona Geita ikinitoka mkononi nikikataa.

“Kuna upande ambao ng’ombe hawakuufikia?” niliuliza kwa unyenyekevu.

“Mwalimu, ng’ombe wa Tinde hawabakizi.”

Nililamba.

“Chumvi,” nilisema, kwa sauti ambayo kwa kawaida naitunza kwa ajili ya kuungama. Katibu aliandika jina langu huku akijifuta machozi.

Jumamosi nilishuka shimoni, nikauweka mkono wangu juu ya mwamba wenyewe, ubaridi wake ukanipanda hadi begani. Aliyesimama kando yangu akiniinulia taa, na ambaye pasipo yeye ningebaki nyumbani na vitabu vyangu, ni Mayu.