Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, hasa za maghala ya korosho, na fundi wa mizani akishajulikana kuwa ni muongo hana kazi tena. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mkomaindo, hapa Masasi, nikiwa na akili zangu, sina homa wala sijaonja pombe. Ukimaliza kusoma, amua mwenyewe.

Nianze na gari. Dalali mmoja aliniletea habari za gari dogo la Kijapani, la milango miwili, la zamani, lililokuwa likishindana katika mbio za barabara za vumbi. Siyo mbio za matajiri. Ni zile za watu wenye kazi zao, wanaotengeneza gari uani na kukimbia kwa mapenzi tu. Lilikuwa limepinduka kwenye kona za kupanda Newala. Paa lilibonyea na mlango wa kushoto haukufunguka. Mwenyewe, alisema dalali, hataki hata kuliona. Sikuuliza zaidi. Wewe ungeuliza? Gari likiuzwa rahisi, mtu huchungulia injini.

Mke wangu alikuwa amefariki. Binti yangu Salma ameolewa Mtwara. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na ilikuwa na mtu mmoja, na jioni mtu huyo hakuwa na wa kumwambia kwamba chumvi imeisha. Nilitaka kitu cha kunichosha mpaka usingizi unikute.

Basi nikasimamisha magogo matatu uani, nikayafunga juu, nikaning'iniza injini kwa mnyororo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa vitabu, kamusi na video za kwenye simu, taratibu, jambo moja kwa wakati. Nilinyoosha paa, nikachomelea upya vyuma vya kinga, nikasafisha kabureta, nikabadilisha springi na shokapu. Mlango wa kushoto niliubandua kwa mtaimbo, nikaunyoosha, nikaurudishia bawaba mpya.

Jirani yangu Mama Asha, anayekaanga vitumbua ng'ambo ya uzio, alikuwa akipita kila asubuhi kunichokoza.

"Baba Salma, na hii ndoa ya chuma itakuzalia nini?"

"Spana."

"Haya. Siku ukimtoa mwali nje utuite, tuje kula pilau."

Siku nyingi yeye ndiye alikuwa mtu pekee niliyezungumza naye kutwa nzima.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Gari la mashindano likishatengenezwa hupimwa uzito kwenye kila gurudumu, ili ukaze au ulegeze springi mpaka lisimame sawa. Mimi nina mizani ya zamani ya jukwaa, yenye uso kama wa saa na mshale, niliyoifufua baada ya ghala moja kuitupa. Niliweka gurudumu moja juu yake, na mengine matatu nikayapandisha juu ya vipande vya mbao vyenye kimo kile kile. Kwenye kiti cha dereva niliweka kiroba cha mchanga chenye uzito wangu. Nikasoma, nikahamisha mizani, nikasoma tena, mpaka nikamaliza magurudumu yote.

Kushoto palizidi. Nilirudia. Palizidi vile vile. Nilikagua mizani kwa mawe ya kupimia. Haikuwa na kosa. Nilipojumlisha, gari lilikuwa na kilo hamsini na nane ambazo hazikuwa za chuma chochote nilichokifahamu. Nikafungua mlango wa kushoto nione kama nimesahau kitu chini ya kiti. Mshale ukashuka. Nikafunga mlango, nikasubiri. Mshale ukapanda taratibu, kama unavyopanda mtu anapojiweka sawa kwenye kiti.

Niamini, nilifanya hivyo mpaka giza likaingia. Ukifungua mlango, uzito unaondoka. Ukifunga, baada ya muda unarudi.

Utasema ningekimbia, au ningeita shehe. Sikufanya hivyo. Mbio hizi zinahitaji watu wawili, dereva na yule anayekaa kushoto akimsomea njia, akimwambia kona inayokuja ni ya upande gani na ni kali kiasi gani. Nilikuwa nimeshawaomba vijana kadhaa wa mtaani wakae hapo. Mmoja alinicheka. "Mzee, mama yangu bado ananihitaji," akasema. Hakuna aliyekubali. Halafu kiti hicho kikapata mtu bila mimi kuomba. Nikaweka springi za kushoto kulingana na uzito wake, gari likasimama sawa kama meza, na nikaanza kuongea naye nikiwa kazini. Nilimweleza habari za kabureta. Baadaye nikamweleza habari za mke wangu. Niliona afadhali.

Nilijaribu gari kwanza kwenye barabara ya vumbi ya Lupaso. Lilikwenda vizuri, lakini huko ni tambarare, na nilitaka kujua injini itavutaje mlimani. Kwa hiyo asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri nikalielekeza Newala. Aliyepanda huko msimu wa baridi anajua ukungu wa kule. Unaanza katikati ya mlima, mweupe, mzito, na ukishaingia ndani yake husikii hata jogoo. Nikawasha taa na kupunguza mwendo. Mkanda wa kiti cha kushoto, ambao haukuwa umefungwa, ulikuwa unavutika kabla ya kila kona. Siyo kwenye kona, kabla yake. Mimi kona yenyewe sikuwa nimeiona bado.

Kwenye kona moja injini ikazimika yenyewe. Palikuwa kimya. Nikageuka kushoto.

Alikuwepo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, vumbi jekundu kwenye nywele na kope, mikono juu ya magoti. Hakuwa na damu, hakuwa na kwato wala macho ya moto, wala lolote la yale unayosimuliwa. Alikuwa anatazama mbele kwenye ukungu kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitalini. Akaniuliza bila kunigeukia, kwa lafudhi ya Kimakonde, kwa adabu kabisa:

"Shikamoo. Kaka ameshakuja?"

Wewe ungejibu nini? Nilijibu kama tunavyojibu wote mtu anapomuulizia mwenzake na hatutaki kumvunja moyo.

"Marahaba. Yuko njiani."

Akatikisa kichwa, akavuta mkanda wake na kuufunga. Nikasikia mlio wa kifungo chake kikiingia. Nilipopepesa macho, kiti kilikuwa kitupu na injini ikakubali kuwaka. Niligeuza gari nikashuka Masasi kwa gia ya pili.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa katika maneno hayo mawili. Kuanzia siku ile, kila nilipolirudisha gari kwenye mizani na kufungua mlango wa kushoto, mshale haukushuka. Niliuacha wazi kutwa nzima, kuku wa Mama Asha wakaingia na kutoka, uzito ukabaki pale pale. Kila asubuhi nilikuta mkanda umefungwa. Na kila magharibi, adhana ikiisha, nilisikia kutoka kwenye gari sauti ndogo, isiyo na lawama:

"Bado?"

Mwanzoni nilimjibu. Nikamwambia bado kidogo. Kisha nikaacha kujibu, naye hakuacha kuuliza. Nikahamia chumba cha mbele, mbali na ua, na huko nikawa naisubiri ile sauti kabla haijatoka. Mama Asha aliniuliza kwa nini nakonda. Nilimwambia. Safari hii hakucheka.

"Huyo ana mtu anayemngoja," akasema. "Na wewe umemwambia anakuja. Sasa mlete."

"Huyo kaka akishaletwa, si huyu ataondoka?"

"Baba Salma," akasema kwa upole, "huyo si wa kwako."

Nilimbana dalali mpaka akanipa jina la aliyekuwa mwenye gari, Bakari, na mtaa wake Newala. Nilimkuta kwenye kioski cha maji, anawajazia watu ndoo. Mtu anayeanza tu kuingia makamo, akivuta mguu mmoja.

"Shikamoo mzee. Dalali alinipigia simu kwamba unakuja. Kama ni mambo ya injini, mzee, muone yeye. Mimi nilishamaliza."

"Marahaba. Sijaja kwa injini. Nimekuja kwa yule anayekaa kushoto."

Ndoo ilijaa ikamwagika, na Newala maji hayamwagwi hivi hivi. Wanawake kwenye foleni wakampigia kelele. Yeye hakusikia. Alifunga bomba, akanipeleka nyuma ya kioski, akasimama akiniangalia viatu.

Aliyekuwa akimsomea njia alikuwa mdogo wake, Hamza. Gari lilipopinduka Hamza alibanwa miguu lakini alikuwa anaongea. Bakari alimwambia, "Usijitikise, usijaribu kutoka. Naenda kuita watu, narudi sasa hivi." Akashuka mlima akichechemea, mguu umevunjika na hakujua. Akaanguka kando ya njia. Wasamaria walimkuta, wakamkimbiza hospitali. Alipozinduka, Hamza alikuwa ameshatolewa na ameshazikwa.

"Kwa hiyo sikurudi," akasema. "Watu wananiambia si kosa langu. Najua si kosa langu. Lakini sikurudi."

Nikamweleza kuhusu mshale, mkanda na swali la magharibi. Akapandwa na hasira.

"Mzee, una umri wa kuchezea watu?"

"Njoo uone mwenyewe. Usiniamini mimi, amini mizani."

Hakuniaga. Nilirudi Masasi peke yangu nikidhani nimeshindwa, na kusema kweli nusu ya moyo wangu ilifurahi. Kesho yake alasiri alikuwa getini.

Nilikuwa nimeliweka gari juu ya mbao, gurudumu la nyuma kushoto likiwa juu ya mizani. Mama Asha alikuja uziani na mwiko mkononi. Bakari alizunguka gari mara moja, akagusa paa pale nilipolinyoosha. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akazungumza kwa Kimakonde. Mimi ni Myao, Kimakonde nakisikia nusu nusu, ila haya niliyaelewa: Nimerudi. Nimechelewa, mdogo wangu. Shuka twende.

Mshale haukutikisika.

Akanigeukia. Nadhani alikuwa anataka nimwambie kwamba nimedanganya, aende zake. Akavuta pumzi, akainama, akaingiza mikono yake miwili ndani ya gari. Akafungua mkanda. Akapitisha mkono mmoja kwenye kitu kama mgongo na mwingine chini ya kitu kama magoti, taratibu, jinsi unavyomshika mtu aliyevunjika, na akaanza kuvuta huku akimwambia maneno ya chini chini ambayo sikuyasikia wala sikutaka kuyasikia.

Mshale ukaanza kushuka. Haukuanguka. Ulishuka kidogo, ukasimama, kana kwamba kuna aliyeumia akasema ngoja. Ukashuka tena. Springi za kushoto zikanyanyuka na kutoa sauti, na gari likainamia upande wangu, upande wa kiroba cha mchanga. Bakari akasimama wima. Mguu wake mbovu ukakunjika chini ya uzito, akajikaza. Akageuka kama anayemsaidia mwenzake kutembea, mkono mmoja ukiwa umezunguka hewa, bega moja limeshuka, akatembea mpaka getini hatua kwa hatua. Mama Asha alimfungulia. Akaipita nyumba yangu, akaifuata barabara kuelekea stendi hivyo hivyo, na watu wakampisha bila kujua kwa nini.

Usiku Bakari akanipigia simu. Alisema neno moja tu, "Tumefika." Akakata.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, na hakuna nililoongeza. Magharibi ile adhana ilipoisha nilikaa uani kusikiliza. Hakukuwa na kitu. Nilidhani nitapumua; badala yake nililia, mtu mzima, peke yangu, mgongo umeegemea gurudumu. Baadaye nilizirudisha springi za kushoto kama zilivyotakiwa kuwa bila mtu. Ilikuwa kazi ndogo, ila nilikawia kuimaliza. Kwenye mbio sijaenda. Sijamuomba mtu mwingine akae pale. Mara chache nakaa mwenyewe kwenye kiti cha kushoto, gari likiwa limezimwa, nikitazama mbele. Ukiwa pale huna usukani, huna breki wala klachi. Una maneno ya mwenzako tu. Sikujua hilo wakati nalitengeneza gari, ingawa kila skrubu yake nilikuwa naifahamu.

Kwa hiyo nakuonya. Ukinunua gari lililopinduka, usiishie kwenye injini. Uliza nani alikaa wapi, na nani alimwambia nini. Ukikutana na anayesubiri, iwe barabarani, hospitalini au kwenye ukungu wa Newala, usimwambie mtu wake yuko njiani kama hujui. Mwambie hujui. Itamuuma, lakini ataweza kuinuka. Na kama kuna mtu uliyemwacha mahali ukamwambia narudi sasa hivi, fahamu kwamba amekusikia.