Maji Yaliyomkosanisha Shangazi na Wifi Yake

Mimi ni fundi bomba, na kama kuna mtu mtaani kwetu anayepaswa kuyashukuru maji yetu, ni mimi. Tangu ofisi ya maji ituunganishe na kisima kirefu, yapata miaka miwili sasa, sijakaa bila kazi hata wiki moja. Shawa zinaziba, mabomba hayafungi, birika za umeme zinaota ukoko mweupe mpaka chai inaelea vumbi. Nimegonga chokaa kwenye mabomba ya watu hadi nikipiga chafya natoa unga. Lakini siyashukuru. Maji hayo yamenichosha, na aliyenichosha kuliko maji ni shangazi yangu.

Shangazi ni dobi. Amefua nguo za watu miaka ishirini na sita, nyuma ya nyumba yake, penye karo mbili za saruji na kamba saba za kuanikia. Kazi yake kubwa ni makoti meupe ya zahanati iliyo mwisho wa barabara, arobaini kila wiki. Hayo ndiyo yaliyonisomesha ufundi. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Shangazi anafua, wifi anapiga pasi. Walikaa hivyo miaka kumi na moja, wakiwasengenya watu wa mtaa mzima bila wao wenyewe kugombana, jambo ambalo sijaliona popote.

Maji mapya yalipoingia, povu likatoweka. Unasugua sabuni ya mche mpaka mkono unakufa ganzi, na kinachopatikana ni utando wa kijivu juu ya beseni, kama mafuta ya supu iliyopoa. Shangazi akaongeza sabuni. Makoti yakakakamaa, yakaingia rangi ya majivu. Akaongeza tena. Boksi la sabuni lililokuwa likimaliza mwezi likawa linaisha kwa siku kumi na mbili.

Nilimwambia. Mungu anajua nilimwambia.

"Shangazi, ni maji. Yana chokaa, na chokaa inaila sabuni kabla haijafika kwenye nguo."

"Maji yanakula sabuni? Yana meno?"

"Nisikilize kwanza..."

"Baba, wewe zibua mabomba. Kufua niachie mimi."

Basi akaanza kuhesabu miche ya sabuni asubuhi na jioni. Kisha akaanza kuutupia jicho mkoba wa wifi yake kila anapoondoka. Kisha siku moja, mbele ya wateja wawili, akamwambia aufungue. Ndani mlikuwa na miwani, kitambaa cha kichwa na limau moja. Wifi alifunga mkoba wake, akachomoa pasi, akaukunja waya wake vizuri kama kila siku, akaondoka. Hiyo ni miezi minane iliyopita.

Je, sabuni iliacha kuisha? Wapi! Iliendelea kuyeyuka vilevile, na mwizi hayupo. Shangazi akasema ni panya. Akanunua mtego, akautega kando ya boksi. Nilitamani kulia. Panya hula sabuni, sikatai, lakini panya wa kumaliza boksi kwa siku kumi na mbili angeonekana akitoa mapovu barabarani.

Na hapa nikiri ujinga wangu pia. Nyuma ya nyumba kuna tangi linalokinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Kwa Shangazi, maji ya paa si maji ya mteja: ndege wametembea humo, majani yameozea humo. Mteja anafuliwa kwa maji ya bomba, yale ya kulipiwa bili. Ya paa ni ya choo na kudeki. Na mimi, fundi mzima ninayejua kila kilichomo kwenye bomba letu, ndiye niliyelaza mpira kutoka kwenye tangi hadi chooni, nikajisifu jinsi viungo visivyovuja. Haikunipitia kichwani kwamba mvua haina chokaa hata chembe.

Jumanne iliyopita akaja Sista, muuguzi mkuu wa zahanati. Alikuwa ameshaonya mara tatu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikirekebisha mfereji wa bati. Sista akashika koti moja kambani, akalikunja. Likabaki limesimama hivyohivyo.

"Mama, madaktari wanakataa kuvaa haya. Wiki hii ndiyo ya mwisho. Kazi nitampa mtu mwingine."

Shangazi akaanza: sabuni za siku hizi feki, jua limekuwa kali, panya, wifi yangu alinihujumu. Nilifumba macho kwa aibu. Sista wala hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameenda kamba ya mwisho, ameshika pande la kitambaa.

"Na hili je? Ona lilivyo jeupe. Laini hivi! Hata muhuri wetu huu hapa. Kwa nini mengine hamyafui kama hili?"

Shangazi akajifuta mikono.

"Sista, hilo... ni koti lenu bovu mlilolitupa. Tunadekia choo."

"Mnalifua kwa kutumia nini?"

"Maji ya paa tu. Na vile vipande vya sabuni vinavyobaki."

Nilishuka ngazi nusura nianguke. Nilivuta kiti, Sista akakaa, na palepale tukafua koti moja kwa maji ya tangi. Povu likapanda hadi kwenye viwiko vya Shangazi. Weupe haukurudi wote, kwa mkupuo mmoja haiwezekani, lakini maji ya kwanza yalitoka meusi na koti likalegea kama nguo ya watu.

"Nakupa mwezi," Sista akasema, akaenda zake.

Nilikimbilia kuukata mpira wa chooni huku nikipiga mluzi. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa bado ameinama karoni, ameshika mche wa sabuni, anaugeuzageuza.

"Koti zima, na umepungua hivi tu," alisema. Kisha akauweka chini. "Na mimi nilimfungulisha mtu mkoba."

Hakungoja koti likauke. Tulienda kwa wifi yake, mtaa wa pili. Alitukaribisha, akatuwekea viti. Shangazi alieleza yote bila kujipamba: maji, tangi, tambara la choo, ubishi wake. Akaomba msamaha huku analia. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, wifi. Kweli kabisa. Ila kazini sirudi."

"Sasa umenisamehe nini?"

"Kiangazi kitakuja, tangi litakauka, utarudi kwenye bomba. Sabuni itaanza kuisha haraka. Utajua kabisa kwamba ni maji, lakini macho yako yataenda kwenye mkoba wangu kwanza."

Nilimtazama Shangazi nikisubiri abishe. Alijifuta uso, akasema, "Ndiyo, wifi."