Siku Nilipomfunua Haji

Wakati wa vita nilikanda miguu ya askari majeruhi katika kambi moja ya Jinja. Muuguzi aliyenifundisha alisisitiza shuka kuliko mafuta: mfunike mtu mwili wote, funua mguu unaoukanda tu, ukimaliza rudisha. Nilijua hayo yote. Lakini majeruhi walizidi, mashuka yakachanwa kuwa bendeji, nami nikazoea kuwakanda wakiwa uchi, harakaharaka.

Vita vilipotulia nikapanga chumba cha kukandia watu mtaa wa Namakwekwe, mjini Mbale. Nilikuwa na kitanda, mafuta ya simsim na mashuka mawili safi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mwislamu, muuza vitambaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Haji. Duka lake liliporwa vitani, akaanza upya kwa kubeba mabunda mwenyewe, na kiuno kikaanza kumuuma. Majirani walimsikiliza sana. Akinisifu, ningepata kazi. Akinikataa, ningefunga chumba.

Alivua nguo akalala chini ya shuka. Mgongo niliukanda vizuri, mpaka akaguna kwa raha. Nilipofika kiunoni nikalivuta shuka lote na kulitupa kitini.

Mzee aliinuka ghafla. Kisha akalivuta, akajizungushia, akavaa nguo zake humo chini ya shuka.

"Afande," akaniambia, ingawa sikuwahi kuwa askari, "mimi naosha maiti msikitini miaka mingi. Maiti haoni, hasikii, na bado namfunika toka kitovu mpaka magoti, mkono wangu unapita chini ya nguo. Mimi bado napumua, wewe umenimenya kama matoke!"

"Lakini Haji, hapa sote wanaume."

"Na hao maiti ninaowaosha ni wanawake?"

Akaondoka ameshika kiuno.

Siku mbili nilimsema kwa majirani kwamba ana madaha. Hilo nalo ni kosa langu. Siku ya tatu, nikiwa nafua, nikamkumbuka askari mmoja kijana wa Jinja, aliyejifunika uso kwa kofia kila nilipomkanda. Nilikuwa nikimcheka: "Afande, unamficha nani?" Yeye aliibana tu kofia. Sikumwona tena ili nimwombe radhi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaenda dukani kwa Haji, nikamwambia mbele ya wateja wake.

"Haji, nilikosa. Nilifundishwa vizuri, nikaacha mwenyewe."

Akaweka chini kitambaa alichokuwa akipima. "Njoo nyuma. Lala hapo."

"Mimi?"

"Kuna mwingine?"

Nikalala kwenye mkeka katikati ya mabunda. Akanifunika kitambaa, akakunja upande mmoja mpaka gotini, akauchomeka ukingo chini ya paja langu, taratibu, bila kuniangalia. Nikacheka kwa kutekenywa.

"Tulia! Maiti hawacheki."

Alipomaliza akaniinua kwa mkono. "Sasa twende kwako. Hiki kiuno kitaniua, halafu nani ataniosha?"

Chumbani nilimfunika mpaka shingoni. Nikaanza kukunja shuka kutoka juu.

"Haji, mpaka hapa?"

"Hapo."

"Niteremshe kidogo?"

"Kidogo. Kidogo tena. Basi."

Nikakanda hapo alipopataja tu. Baada ya muda usingizi ukamchukua. Alikuwa anakoroma, nami nikaendelea kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia ukingo wa shuka.