Neno Nililomsomea Shomari

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila redio inaposema fulani “amelaani vikali”. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, na hapa Salale wakanipa ukarani wa kamati ya wavuvi. Nilipenda maneno kuliko wali. Nilikuwa na daftari la kuyaandika: kuonya, kukaripia, kukemea, kushutumu, kulaani. Nikawa najiuliza lipi zito zaidi. Kuuliza si ujinga, lakini sikumuuliza mtu.

Basi jirani yetu Shomari akakutwa anavua kamba kwa chandarua, anazoa hata vitoto vyao. Kosa kweli. Kamati ikaniagiza niandike tamko la kumkaripia, lisomwe mkutanoni. Mimi nikaona kukaripia ni kwa mtoto aliyemwaga uji. Nikaandika, “Sisi wanakijiji tunamlaani Shomari.” Nikalisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtangazaji, nikajiona nimefika.

Wiki ileile mkewe akashikwa na uchungu. Hospitali kwetu ni safari ya boti, na boti zilikuwepo. Lakini kila aliyeombwa akatoa udhuru. Nani apakie laana chomboni mwake? Shomari alizunguka kijiji kizima akiomba. Bibi yangu aliposikia, akaja akanishika mkono.

“Aliyekaripiwa ana njia ya kurudi kwa wenziwe,” akaniambia. “Huyu uliyemlaani, umempeleka wapi?”

Akanivuta hadi bandarini, nikasimama mbele ya wenye boti nikasema kwamba neno lile nililitia mimi, si kamati, na ninalifuta. Niliona aibu kubwa. Hakuna aliyesogelea chombo chake. Bibi akapanda boti iliyokuwa karibu, akaketi, akasema hashuki mpaka mgonjwa apande. Mwenye boti akawasha mashine.

Mtoto alizaliwa njiani, kwenye mikoko, mzima na mama yake mzima. Shomari alileta chandarua kwenye kamati kwa mikono yake. Aliniambia, “Kosa langu nalijua, binti. Ungenikaripia tu.”

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiona baya, mwanangu, liseme hadharani, usiogope mtu. Ila pima kosa kwanza, ndipo uchague neno, hata hayo mnayoandikiana kwenye simu. Mungu akujaalie ulimi wenye kipimo, na siku utakapokosea wewe, akupe watu watakaokusogezea nafasi kwenye boti.